Sare za Kangemi Zinakwenda Dakar

Mwende wangu,

Ile karatasi yako nimeibandika ukutani kando ya kioo cha wateja, pale palipokuwa na kalenda ya kampuni ya unga. Kila anayekuja kujaribu sare lazima aisome, apende asipende. Ni ratiba ya maonyesho yajayo na mazungumzo na wasanii kwenye yale makumbusho ya Dakar, na kwa kuwa imeandikwa Kifaransa, baba yako aliipeleka ofisini kwao mjini, akampata karani mmoja aliyesomea lugha hiyo, wakaitafsiri kwa kalamu pembeni. Kwanza kuna mchoraji kutoka Bamako. Halafu mpiga picha wa huko huko Dakar. Anafuata mfinyanzi ambaye jina lake hakuna mtu hapa sokoni ameweza kulitamka. Kisha, kwa herufi sawa na za wenzake, si ndogo hata kidogo: Mwende Mutua, Nairobi. Maonyesho, na mazungumzo na msanii. Baba yako ameitoa fotokopi akaigawa kuanzia kwa askari wa mlangoni mpaka kwa bosi wake, na nasikia siku hizi anapita Moi Avenue akitembea katikati ya watu kwa mwendo wa diwani aliyechaguliwa jana.

Kesho unaondoka. Leo nimefunga duka mchana ili nikuandikie, na nimeegemea cherehani kwa sababu meza yote imejaa sare za muhula ujao. Utaisoma ukiwa ndani ya ndege. Sitakuambia uvae sweta, wala ule nini, wala umwogope nani. Shangazi yako ameichukua kazi hiyo na anaifanya kwa bidii kuliko ningeweza mimi. Nataka kujibu swali uliloniuliza Jumapili jikoni. Ulisema, "Mum, kutundika kazi najua. Lakini siku ya mazungumzo nikisimama pale mbele yao, nitasema nini?" Nikakujibu kwamba Mungu atakupa maneno, kisha nikageuza chapati. Lile lilikuwa jibu la mtu ambaye chapati yake inaungua. Niliona una hofu. Umefika mbali mno kuangushwa na hofu ya kufungua mdomo, na ningeona uchungu usiosemeka kama ungerudi kwa sababu hiyo. Basi acha nikujibu vizuri.

Nimeshona sare hapa Kangemi tangu ukiwa tumboni. Ulijifunza rangi chini ya meza hii, ukicheza na vipande vilivyoanguka, na hukusema nyekundu wala kijani kama watoto wengine. Kila rangi uliiita kwa shule yake. Mwalimu wa chekechea alikuonyesha picha ya nyanya akakuuliza ni ya rangi gani, ukamjibu, "Ya masista." Alinirudishia mtoto akiniambia nikupeleke ukapimwe macho. Nilicheka mpaka nikakaa chini, lakini nadhani msanii alianzia hapo, na mimi sikumjua.

Mwaka ule serikali ilipofuta karo kwenye shule za msingi, wazazi walijaa hapa mpaka nje barabarani. Nilipima wadogo, nikapima wakubwa, nikapima hata mmoja mwenye ndevu. Tangu hapo, kila shule zikifunguliwa, zimekuwa zikibaki sare ambazo nimeshona na mwenyewe haji kuzichukua. Mzazi amehama, au kazi ya mjengo imekwisha, au mtoto ameambiwa akae nyumbani na wadogo zake. Nilizitundika kwenye misumari ya ukuta wa nyuma, nikangoja. Sikuwa na roho ya kumpa mtu mwingine nguo niliyokata kwa mwili wa mtoto fulani ninayemjua mpaka mabega. Wewe ndiye uliyezishusha. Uliniomba nikakupa, nikidhani unataka matambara ya kupangusia rangi.

Baba yako alipoona umezikatakata na kuziunga tena, mkono wa huyu na kola ya yule, mpaka kikawa kitambaa kikubwa cha kufunika ukuta wa kanisa, alisema, "Hii kitu ni ya watu wa Lavington." Alisema kwa dharau kidogo, akimaanisha matajiri, lakini akawa nabii. Bi. Atieno, yule mkuu wa makumbusho ya sanaa ya kisasa pale Lavington, aliona kipande chako kidogo kwenye karakana ya mjini ulikokuwa unajifunza. Akakuita, akaona hicho kikubwa, akakuweka kwenye ratiba yake. Ilikuwa mara ya kwanza jina letu kupigwa chapa mahali ambapo hakuna msiba.

Sasa nije kwa siku ile ya ovaloki. Unaijua, lakini nadhani unaijua nusu.

Mimi nilifundishwa kazi Biashara Street na fundi mmoja mzee ambaye hakuwa na maneno mengi. Nguo ikiwa na uzi unaoning'inia, aliikunja akaiweka mapajani mwako, basi. Ungeshinda hapo ukitafuta uzi wenyewe. Nilitoka kwake nikiwa fundi, lakini nilitoka pia na ugonjwa. Mpaka leo siwezi kuacha uzi. Kanisani, mzee aliyekaa mbele yangu akiwa na uzi kwenye kola ya koti, mahubiri yote yananipita, na wewe umewahi kuniona nikiuvuta wakati wa sala, watu wamefumba macho.

Kwa hiyo ulipoenda mjini kuchapisha vibao vya maelezo, ukaniachia ile kazi yako imekunjwa hapa dukani, niliifungua kuitazama. Mwanangu, niliona aibu. Kingo zote wazi. Nyuzi zinaning'inia kila mahali, nyingine ndefu mpaka sakafuni. Nikajiambia, huyu mtoto amechoka, ameshindwa kumaliza, na kesho kutwa watu wa Lavington wataona hii na kusema mama yake hakumfundisha kitu. Nikawasha ile mashine ya ovaloki, inayofunga kingo zisifumuke. Nilizunguka kitambaa chote. Nikakata nyuzi zote kwa mkasi. Nikatia makaa kwenye pasi, nikapiga pasi mpaka ikalala. Nilikuwa nikiimba. Wateja walikuja nikawaambia warudi baadaye, kwamba namsaidia mtoto wangu.

Ulipoingia ulisimama mlangoni na bahasha yako ya vibao.

"Mum, umefanya nini?"

"Nimekumalizia," nikasema. "Ilikuwa imebaki kidogo tu."

Ukakaa kwenye kiti cha wateja. Hukulia, na hilo ndilo lililonitisha. Ukasema polepole, "Haikuwa imebaki. Ilikuwa imeisha. Hao watoto ndio hawakumaliza, Mum. Sasa umewapinda wote wakakuwa sawa."

Nikajitetea. Nikasema, "Si ungeniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi? Wewe huwa unajua tayari."

Hukusema kwa ukali. Ulisema tu, halafu ukachukua wembe na kuanza kufumua. Nami nikachukua wembe mwingine nikaketi upande wa pili. Tulifumua mpaka usiku, na kesho yake tukafumua tena, mimi nikiharibu kazi safi ya mikono yangu mwenyewe, jambo ambalo yule mzee wa Biashara Street angelia machozi kuliona. Nyuzi nilizokata hazingeweza kurudi. Ikabidi tuzivute upya kutoka kwenye kingo, moja moja. Ilipokwisha ilikuwa imechakaa kuliko mwanzo, na wewe ukainua upande mmoja ukaitazama ukasema ni afadhali sasa. Mimi sikuona uafadhali wake. Lakini nilinyamaza, na kwangu mimi, unajua, hilo si jambo dogo.

Lile neno lako lilinifuata. Wewe huwa unajua tayari. Nililifikiria nikikata kitambaa, nikalifikiria nikiosha vyombo, nikaanza kukumbuka mambo. Nikakumbuka mkuu wa shule alivyokuuliza unataka kuwa nani ukikua, nikamjibu karani. Nikakumbuka siku ile zahanati, daktari alikuuliza unaumwa wapi, nikamwambia ni tumbo, ukatibiwa tumbo, kumbe ni sikio. Wageni walikuuliza jina, nikalitaja mimi. Watu wakasema huyu msichana wako ni mpole, haongei, nami nikajibu ndiyo, ndivyo alivyo. Hukuwa mpole. Hukuwa na nafasi. Nilikupenda kwa haraka mno, kila jambo nikilifikia kabla yako ili lisikuumize, na ninasikitika kwa hilo kuliko kwa ovaloki.

Ndiyo maana swali la Jumapili lilinigusa. Hofu yako ya kusimama na kuongea naijua ilikoshonewa. Lakini nimeshaona pia siku uliyoivua, na ninashangaa kwamba wewe unaikumbuka siku ile kama aibu. Uliniambia eti ulikwama mbele ya watu. Sasa sikiliza vile ilivyoonekana kutoka viti vya nyuma.

Tulikuja chama chetu kizima cha kuwekeana akiba, kina mama wote, tumevaa leso zetu za sherehe na viatu vya Jumapili. Mama Njeri ndiye aliyekuwa mbele, maana ni mwenyekiti, na maana ni Mama Njeri. Askari wa getini akatutazama akauliza tunaenda kwa nani.

"Kwa Mwende," akasema Mama Njeri.

"Mwende anafanya kazi nyumba gani?"

"Leo anafanya hii yote," akajibu, na akapita. Askari alifungua mabawa yote mawili ya geti, na nadhani mpaka leo hajui kwa nini.

Ndani kulikuwa na kuta nyeupe na ukimya wa benki. Kazi yako ilijaza ukuta mzima. Bi. Atieno aliwakaribisha watu kwa Kiingereza, akakutaja, ukasimama. Halafu mwanamume mmoja mwenye miwani, mpole tu, akakuuliza kwa nini umeacha nyuzi zikining'inia hivyo, kama zina maana au kama ni za kutolewa baadaye. Ukanyamaza. Ulitazama sakafu, ukatazama dari, kisha ukanitazama mimi. Nilijua ule mtazamo. Ni ule wa zahanati.

Mwende, jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa limejaa mdomoni, tena lilikuwa zuri. Ningewaambia ni sare ambazo hazikuchukuliwa, ningewaambia habari za karo na mjengo na wadogo wa kulelewa, ningemalizia kwa aya ya Biblia. Nilikuwa nimeshainuka nusu, makalio yameacha kiti. Nikarudi kukaa. Nikashika mkoba wangu kwa mikono miwili na kuutazama. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimeshona sare za bendi ya shule zenye vifungo vya dhahabu mpaka mgongoni.

Wewe unasema ulikwama. Mimi nilikuona ukitafuta. Ukimya ulikuwa mrefu, watu wakaanza kusogeza viti, Bi. Atieno akanyoosha mkono kuchukua maikrofoni akusaidie, halafu akaushusha. Ndipo ukasema, "Kizungu changu kitanipoteza. Wacha niseme vile ilikuwa." Na ukasema kwa Kiswahili chetu cha huku, bila kukipamba.

"Hizi ni nguo zenye watoto walishonewa na hawakukuja kuzichukua. Hii mkono ni ya mtu. Hii kola ni ya mtu. Mimi sijui ni nani. Mum anajua, lakini sikumuuliza. Nyuzi nimeziacha ndio kama mwenyewe atakuja, apate mahali pa kushika."

Mungu wangu. Nilikuwa nimezikata.

Kabla sijavuta pumzi, Mama Njeri akasimama. Hakuomba ruhusa. Alipita katikati ya viti na leso yake, akaenda mpaka ukutani, watu wakidhani labda anataka kutoka nje. Akasimama mbele ya kipande cha kijani upande wa chini. "Hii ina mfuko ndani," akasema. "Nilimwambia Mama Mwende auweke ndani, kwa sababu Njeri alikuwa anapoteza kila kitu." Akaingiza mkono nyuma ya kitambaa, na mfuko ukawa upo. Mkono wake ukabaki humo.

Nilijua ni ya Njeri, aliyeambiwa akae nyumbani na wadogo zake. Nilijua tangu siku niliyoitundika msumarini, na kwa miaka yote tulikuwa tukikutana sokoni, tukicheka, tukisaidiana misiba, na hakuna aliyewahi kuitaja. Yeye alidhani nimeiuza. Mimi nilidhani amesahau. Ilikuwa imesimama kati yetu bila jina.

Ukasogea karibu naye, ukamuuliza, "Nikutolee?"

Akatoa mkono, akashika uzi mmoja mrefu, akauzungusha kidoleni. Alikuwa analia na anacheka. "Wacha ikae," akasema. "Wacha watu waione. Huyu mtoto alikuwa namba moja kwa hesabu."

Pale ndipo watu waliposimama, Mwende. Si mimi niliyeanza, nakuapia. Walianzia mbele, wale wa viti vya mbele wenye mitandio ya hariri, hata sisi wa nyuma tukasimama, na baba yako alipiga makofi akiwa bado ameshika kikombe, chai ikamwagikia suti ya harusi. Yule mwenye miwani alikuja kumshika Mama Njeri mkono, akamwuliza habari za Njeri, na alisikiliza mpaka mwisho. Halafu watu wakapanga foleni, si kwa Bi. Atieno, kwako. Kulikuwa na mama mmoja mrefu, kilemba cha buluu, aliyengoja mpaka wote wakaisha. Nilidhani anangoja gari. Kumbe ndiye mkuu wa makumbusho ya Dakar, na anataka kukualika ukakae na kufanya kazi kwao.

Njeri mwenyewe alikuja Jumapili iliyofuata, amefunga saluni yake ya kusukia nywele mapema. Alisimama mbele ya kipande cha gauni lake mkono kiunoni, akakitazama, akasema, "Kumbe nilikuwa mdogo hivi." Halafu akaanza kucheka, akaenda kumwita mwanawe aje aone. Hakuna kilichofutwa siku hiyo, wala mwaka wake wa shule haukurudi. Lakini alitembea kutoka pale hadi Kangemi akiwa amenyooka, nami nilikuwa nyuma yake nikimwona.

Sasa fikiria jambo moja nami, kwa sababu nimelifikiria sana. Kama ningesimama siku ile na kulisema jibu langu zuri, watu wangeitikia kwa kichwa na kushukuru. Bi. Atieno angeenda kwa swali linalofuata. Na Mama Njeri asingesimama. Angebaki kwenye kiti chake na mfuko wake moyoni, angerudi nyumbani, na lile gauni lingekuwa pambo la ukuta. Aliyemwinua ni wewe, na ulimwinua kwa kusema hujui ni nani. Mimi ninayejua kila kitu nisingeweza.

Kwa hiyo ulipouliza, nikisimama pale nitasema nini, jibu langu ni kwamba sijui. Nimekaa na hilo tangu Jumapili na ninakuambia kwa furaha kabisa: sijui, na sitaki kujua kabla yako. Wakikuuliza ukanyamaza, nyamaza. Wasogeze viti vyao. Tafuta mpaka upate, halafu sema vile ilivyo, kwa lugha itakayokuja, na mkalimani atajua la kufanya, hiyo ndiyo kazi yake. Nasikia mafundi wa nguo huko ni wengi na ni hodari, wanashona mpaka barabarani. Baadhi yao watakuja kuitazama kazi yako na watainama kuangalia kingo, nawajua watu wa aina yangu. Mmoja atatoa mkasi mfukoni. Mzuie kwa upole, umpe kiti, umweleze.

Una mwaka mzima wa kukaa huko, na chumba cha kufanyia kazi chenye dirisha. Nitakukosa mpaka nitatafuta sababu ya kugombana na baba yako. Lakini sina huzuni, na usinitafutie huzuni ambayo sina. Nina fahari hata nashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Limebaki jambo moja. Juzi ulimwambia baba yako kwamba uwanja wa ndege tusije na kelele, kwamba watu wa siku hizi huagana kwa mkono. Niliufikisha ujumbe wako kwa chama kama ulivyosema, neno kwa neno. Wakausikiliza kwa heshima. Halafu wakaukataa, na basi la kanisa limeshaombwa. Kwa kina Mama Njeri, mtoto wa kike akizaliwa hupigiwa vigelegele vitatu, na wa kiume vitano. Ndivyo walivyorithi. Mama Njeri ameapa kwamba wewe kesho atakupigia vitano, na asiyependa akamlalamikie rubani. Ukifika kwenye mstari huu utakuwa umeshavisikia, na abiria wenzako nao, na utakuwa umeshaona aibu yako yote ukaimaliza. Na kile cha sita ulichokisikia, kile kikali kilichotoka kimechelewa wenzake wakiwa wameshanyamaza, kile kilikuwa changu.

Anayeitwa kwa jina lako,
Mama Mwende